Kabla Sijakabidhi Cheti cha Lokesheni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliye Mwenyekiti wa kampuni iliyotengeneza filamu tutakayoitazama mchana huu, Ndugu Meneja, Ndugu Mwongozaji, waigizaji wetu, ambao hata mkivaa nguo zenu wenyewe mnapendeza, Mzee wetu, Mwalimu mstaafu, uliyebadilisha basi mara mbili ili ufike hapa, wenye nyumba wenzangu, majirani, ndugu zangu wa damu mliojaza safu nzima, wakiwemo wale ambao mlango wangu mliusahau mpaka mliposikia mtaa wetu unaonekana kwenye filamu, mabibi na mabwana. Nawasalimu nyote. Mliokaa nyuma nawasalimu mara mbili, maana najua feni haifiki huko.

Mshereheshaji amenipa dakika tano. Kaka yangu, mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu, huu mwaka wa ishirini na sita, na sijawahi kumrudishia mteja shati baada ya dakika tano. Likirudi mapema hivyo lina maji. Kwa hiyo utanisamehe, na hiyo saa yako unayoiinua kila mara uipumzishe kidogo.

Kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni, namba saba, imeandikwa hivi: "Neno la shukrani kutoka kwa mwakilishi wa wenye nyumba, na kukabidhi Cheti cha Mtafuta Lokesheni Bora." Mwakilishi ndiye mimi. Cheti ndicho hiki, kina fremu na kioo, na ni kizito kweli. Jina lililoandikwa humu ni la yule kijana wa mbele pale, aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, ambaye mtaani tunamwita Miwani na kwa Ndugu Meneja ni shemeji. Nimepangwa nimkabidhi, tushikane mikono, tutabasamu, tupigwe picha. Kabla sijafika huko nina maneno.

Wengine hamjui hiyo lokesheni ni kitu gani, na si aibu, hata mimi nilikuwa sijui. Filamu haipigwi hewani. Mtu anakaa kwenye kiti kizuri anaandika: "Nyumba ya zamani, ngazi ya nje, asubuhi." Maneno saba, amemaliza, anakwenda kulala. Sasa lazima awepo mtu wa kuzunguka kwa miguu yake mpaka aione hiyo nyumba, amkubalishe mwenyewe, ajue jua linaingia dirisha gani na linatoka saa ngapi, lori la taa litasimama wapi, na jirani ana mbwa wangapi. Mtu huyo ndiye mtafuta lokesheni. Halafu Mwongozaji anakuja, anakuta kila kitu kipo, anasimama katikati ya chumba, anakunja mikono, anasema, "Mahali hapa pananiambia kitu." Pakuambie nini, ndugu yangu, wakati mwenzako ameshaambiwa kila kitu na akakuandikia?

Kazi hiyo kwenye filamu hii imefanywa na mwanangu wa kike. Narudia kwa mliokuwa mnaongea: imefanywa na mwanangu. Mtoto wangu wa kwanza, niliyemsomesha kwa pasi ya mkaa kabla sijanunua ya umeme, mrefu kama baba yake, mkaidi kama mimi, mwenye macho ya kuiona nyumba iliyojificha nyuma ya nyumba. Leo hayupo. Jana alinipigia simu.

"Mama, nasikia wewe ndiye utakayekabidhi cheti."

"Ndiyo mimi."

"Basi kabidhi, ukae chini. Usigombane na mtu. Kwenye kazi yetu ukijulikana una maneno huitwi tena."

"Na ukijulikana unaharibu nyumba za watu, unaitwa?"

Akasema, "Mama, chaji inaisha." Mwanangu akitaka kulia, chaji huisha.

Maana hilo ndilo linalosemwa juu yake, Mheshimiwa, na hata wewe umeambiwa hivyo: kwamba yeye ndiye aliyeiharibia kampuni yako nyumba ya kwanza. Kampuni nyingine mbili zimeshamrudisha mlangoni kwa neno hilohilo. "Si wewe ndiye uliyewaharibia wale nyumba?" Kosa hilo linatembea mbele yake, na kila ofisi anayoingia analikuta limeshakaa kitini linamsubiri. Leo nimekuja kulinyanyua kitini. Mwanangu akinikasirikia nitampikia, atasahau. Kampuni zikimkataa nitampikia nini?

Siku aliposema amepata kazi ya kutafuta lokesheni, mjomba wake alicheka mpaka akakohoa. Yuko safu ya tatu, suti aliyovaa nimeipiga pasi mwenyewe jana. "Yaani kazi yake kuzurura?" Na dada yangu mkubwa, mwenye kilemba cha zambarau, akadakia, "Si angezurura karibu na nyumbani, tupate wa kumtuma sokoni?" Mlicheka, hamkucheka? Na leo nimewasikia mlangoni kwa masikio yangu mkimwambia mpokea wageni, "Sisi ni familia, tuna viti vyetu." Familia ya nani? Ya mzururaji? Karibuni sana. Kaeni vizuri, msikie anavyozurura.

Mwaka jana, siku kumi na tisa aliitafuta nyumba ya kwanza. Kuna waliomdhani mpima ardhi, wakamfukuza. Kuna waliomdhani mtu wa kodi, wakamzimia redio na kujifanya hawapo, huku miguu yao inaonekana chini ya pazia. Bibi mmoja alimkaribisha hadi sebuleni, akamwita mwanawe wa kiume aje asalimie, kisha akamwambia mwanangu, "Mwanamke anayezunguka kutazama vyumba vya watu anatafuta pa kuolewa. Chumba chenu ndicho hiki." Akamfungulia na kabati aone nafasi. Mwanangu alitoka pale na picha kumi na nne za chumba na mchumba mmoja. Picha hazikufaa, dirisha lilitazama ukuta. Mchumba sijamwona mpaka leo.

Nyumba nyingine ilikuwa na kila kitu: ngazi, jua, kimya, na mwenye nyumba mcheshi. Siku ya kuandikiana karatasi, mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka kaka mtu na taulo kiunoni. "Nani kasema hii nyumba ni ya kwake peke yake? Baba alituachia wote!" Ndugu hao walikuwa wameishi chini ya paa moja miaka sita bila kusemeshana, na jambo la kwanza walilokubaliana baada ya miaka yote hiyo lilikuwa kumfukuza mwanangu.

Je, alikata tamaa? Wa kukata tamaa sikumzaa mimi.

Na ngoja niwaambie namna anavyofanya kazi, kwa sababu hamtaambiwa na mwingine. Nyumba ikimpendeza machoni, hapo ndipo anapoanza kuishuku. Anakwenda na kiti chake cha kukunja, anakaa nje yake kutwa nzima na daftari, anaandika sauti. Saa mbili na robo, kengele ya shule. Saa tatu, pikipiki ya muuza mikate. Saa nne na dakika kumi, mbwa, bila sababu. Wala hakai Jumapili, maana Jumapili mafundi wamelala na kila nyumba inajifanya tulivu. Anakaa Jumanne. Nani alimfundisha? Jumapili yenyewe ilimfundisha, ilimdanganya mara moja akiwa mgeni kazini, haikumdanganya ya pili. Ninyi mnaosema anazurura, ni nani kati yenu anaweza kukaa kutwa nzima mbele ya ukuta bila kushika simu? Dada yangu, wewe hata sasa umeshika simu.

Mheshimiwa, mimi shule niliiacha mapema, lakini nguo nazisoma. Kampuni yako ilinipa nguo za watu wake wote nizifue kwa wiki sita, na za mwanangu nimefua maisha yangu yote. Shati la mtafuta lokesheni nalijua. Bega la kushoto limeliwa na mkanda wa mkoba. Kola imepauka nyuma, pale jua linapompiga mtu aliyeinama kuandika. Pindo za suruali zimejaa zile mbegu za majani zinazong'ang'ania nguo, unazitoa moja moja kwa kucha mpaka vidole vinauma. Mfukoni unakuta karatasi: "Dirisha la jikoni, jua mpaka saa tano na nusu. Mama mwenye nyumba anaumwa mgongo, asisimamishwe." Hiyo ya mgongo nani alimtuma aiandike? Hakuna. Nimemlea hivyo.

Sasa mashati ya huyu ndugu yetu wa cheti. Mashati kumi na tisa, nimeyahesabu kwenye kamba. Yalikuja yakinuka marashi, yakaondoka yakinuka sabuni, na katikati hapakuwa na jasho. Mfukoni nilikuta vijiti vya meno na vipakiti vya sukari ya hoteli. Mtafuta lokesheni gani huyu, ambaye lokesheni yake yote ni meza ya kunywea chai? Hapana kijana, usiivue miwani. Kaa nayo, inakusitiri.

Turudi kwenye nyumba ya kwanza. Siku ya kumi na tisa mwanangu aliiona nyumba ya Mwalimu. Ghorofa moja, ngazi ya nje, na kuta ambazo rangi yake imebambuka mpaka unaona miaka: kijani juu, chini yake rangi ya krimu, chini yake waridi. Mmea umetambaa ukutani mpaka dirishani. Alinipigia simu akiwa bado barabarani. "Mama, nimeiona! Ukuta wake unaongea!" Akakaa Jumanne, akakaa na Alhamisi. Kimya. Akamwambia Mwalimu, "Mzee, nakuomba jambo moja. Usiguse kitu. Usipige hata msumari. Nyumba yako ni nzuri jinsi ilivyo." Mwalimu akamuuliza kama kweli akili zake ni timamu, kisha akakubali.

Jumatatu asubuhi malori matatu yakafika, na taa, na waigizaji, na Mwongozaji na skafu yake. Wakaikuta nyumba ya bluu. Bluu ya anga, inang'aa kama hospitali iliyofunguliwa jana! Ukuta laini, ngazi zimesuguliwa, mmea umekatwa na kuchomwa, hata mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Mwalimu na wanawe walikuwa wamefanya kazi Jumamosi na Jumapili bila kupumzika. Mzee akatoka na shati jeupe, ufagio bado mkononi, furaha imemjaa. "Karibuni, karibuni! Mnaionaje?"

Mwongozaji alikaa chini ukingoni mwa barabara, na suruali yake ile, mimi ndiye niliyekuja kuitoa doa. Ndugu Meneja akageuka mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole mwanangu: "Wewe ndiye uliyeongea na mwenye nyumba." Na mwanangu, badala ya kumjibu Meneja, alimwendea yule mzee aliyebaki amesimama na ufagio wake bila kuelewa, akamshika mkono akamwambia, "Imependeza, Mzee. Imependeza sana."

Nani kati yenu, ambaye kazi yake ya siku kumi na tisa imepakwa rangi ya bluu, angelikumbuka neno hilo? Mimi nisingelikumbuka. Mimi ningelitafuta ndoo ya maji.

Kisha akafungua daftari. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku inakwenda, watu arobaini wamesimama. Ndani ya daftari ilikuwemo nyumba moja aliyokuwa ameikata kwa kalamu nyekundu: nyumba ya jirani yangu mjane, mtaani kwetu, mkabala na kamba zangu za nguo. Ilikuwa na ngazi, ilikuwa na ukuta mzee kuliko sisi sote. Aliikata kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakutaka isemwe anawapelekea watu wa kwao kazi. Ya pili ni wewe hapo, Fundi wa spika, usijifiche. Duka la Fundi liko hatua nane kutoka kwenye ngazi ile, na kutwa nzima anapima spika: "Moja, mbili, moja, mbili." Miaka kumi na moja tunaishi naye, hajawahi kufika tatu.

Mwanangu akamfuata dukani, nami niko kwenye kamba nasikia.

"Kaka, huwa unapima saa ngapi?"

"Mteja akija."

"Na ukiona nimetundika kitambaa chekundu kwenye kamba ya Mama, unaweza kumwambia mteja asubiri?"

"Mteja wangu hasubiri kitambaa, dada."

"Mwambie anasubiri filamu."

Fundi akajikuna. "Na mimi sauti yangu itasikika humo?"

"Isiposikika, ndiyo utakuwa umeifanya kazi yako."

Alicheka huyo! Akazima swichi. Kuanzia saa tano siku hiyohiyo, Mheshimiwa, mtaa mzima uliishi kwa kitambaa kile. Kikipanda, Fundi anazima, kinyozi anashusha mashine, pikipiki inasukumwa kwa mkono, na mjane wa watu anakohoa ndani ya mto. Kikishuka, kila mtu anapumua na kelele zote zinatoka kwa pamoja. Wiki sita. Filamu mtakayoitazama sasa hivi, ule ukimya wake mtakaousifu, ni mtaa mzima uliobana pumzi kwa sababu binti mmoja aliuomba kwa adabu. Na nyumba hiyo si peke yake. Duka la vyombo, kinyozi, ua wa fundi cherehani, milango kumi na mmoja yote iliyomo ndani ya filamu hii aliipata siku tatu za kwanza, mguu kwa mguu.

Siku ya tatu ilipokwisha, Ndugu Meneja akamwita chini ya ngazi. Nilikuwa nyuma ya shuka naanika, najifanya kiziwi. "Dada, nyumba zimeshapatikana, kazi ya kutafuta imekwisha. Na kwa yale ya nyumba ya kwanza, ni vizuri upumzike." Mwanangu akasema, "Sawa." Akanikabidhi kitambaa. "Mama, ukisikia wamesema tayari, kipandishe." Akaondoka, na sisi wajinga wake tukaendelea kukipandisha wiki tano na siku zake.

Kesho yake kwenye gari la kampuni akashuka huyu Miwani. Shingoni kadi: Mkuu wa Lokesheni. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, nikasema, haya, huyu naye anaanza kazi. Akaniuliza, "Mama, choo kiko wapi?" Waheshimiwa, hiyo ndiyo lokesheni pekee niliyowahi kumwona akiitafuta, na hata hiyo nilimwonyesha mimi.

Chekeni, lakini msicheke mkamsahau Mwalimu. Mwezi uliopita mzee huyu alikuja kwangu na koti la kupigwa pasi. Koti lilikuwa kisingizio, lilikuwa limenyooka kuliko mimi. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mama, mimi nilikosea nini? Waliniambia nipake rangi, nikapaka. Mbona hawakurudi?"

Pasi nikaiweka chini. "Nani alikwambia upake, Mzee?"

"Meneja. Alinipigia Ijumaa mchana. Akasema wageni wakubwa wanakuja, nyumba ivutie. Nikamwambia, binti amesema nisipige hata msumari. Akasema, 'Huyo binti ni mtafutaji tu. Meneja ni mimi.'"

"Na mwanangu anajua?"

"Nilimwambia palepale, siku ile ya malori. Akaniambia, 'Mzee, yaishe. Ukisema, watakuletea maneno wewe.'"

Mwaka mzima! Mwaka mzima mwanangu anakatazwa milango kwa kosa asilolifanya, na anajua la nani, na amefunga mdomo ili mzee wa watu asije akabughudhiwa kwa rangi aliyoipaka kwa moyo mweupe. Nilijivunia mpaka machozi yakanitoka, na nilikasirika mpaka nikaunguza mkono wa koti. Mwalimu, samahani kwa mkono wa koti. Mwalimu, nimesema kweli au nimetia chumvi?

Anasema nimepunguza.

Ndugu Meneja, maji yapo mbele yako, kunywa tu. Mimi sikutukani, na wala sikuchukii, hata kola zako nazifua kwa uangalifu. Lakini nikuulize, mbele ya hawa: simu moja ya Ijumaa, ungepungukiwa nini ukisema, "Nilipiga mimi"? Meneja akikosea anabaki meneja. Gari lako lingeondoka? Kiti chako kingevunjika? Umekaa kimya mwaka mzima ukiulinda umeneja ambao hakuna aliyekuwa anautaka, ukamwachia msichana mwenye mkoba begani aubebe mzigo wako kutoka mlango mpaka mlango. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, ukatengeneza na cheti. Ukaweka fremu. Ukampa nani? Shemeji! Na ukaona wa kumkabidhi awe mimi. Sijui ulidhani dobi hasomi, au ulidhani mama ana haya sana mbele ya watu. Kwenye yote mawili uliniangalia ukiwa na haraka.

Basi tufike kwenye namba saba. Wenye nyumba wenzangu, ninyi ndio mlionituma, kwa hiyo sitaamua peke yangu. Kama mlango wako uligongwa na huyu ndugu ambaye jina lake limo kwenye kioo hiki, akakuomba nyumba yako au duka lako au ua wako, tafadhali simama.

Tunasubiri. Hakuna haraka.

Hakuna.

Aliyegongewa na mwanangu, naye asimame.

Mjane, polepole na magoti yako. Fundi. Kinyozi. Mwenye duka la vyombo. Mama wa cherehani. Wale wa kona wote wanne. Na wale majirani wawili kule nyuma, ahsanteni. Kumi na mmoja. Na Mwalimu pia amesimama, wa kumi na mbili, ambaye nyumba yake haionekani kwenye filamu hii hata dirisha moja. Mzee, hukulazimika. Haya, simama.

Naona Mheshimiwa Mgeni Rasmi umeinua mkono. Nimekusikia, ngoja niliseme kwenye kipaza sauti ili wa nyuma nao wapate. Mheshimiwa anauliza: huyo binti yuko wapi, mtu ampigie simu aje mara moja kuchukua cheti chake.

Mheshimiwa, nakushukuru. "Cheti chake" umesema wewe, na watu wamesikia. Lakini simu sitapiga. Muda huu mwanangu amesimama mbele ya geti la mtu asiyemjua, anajieleza kwamba yeye si mwizi wala si mtu wa kodi, kwa ajili ya tangazo la sabuni la nusu dakika. Simtoi kwenye kazi aliyoipata kwa shida aje mbiombio kwa watu waliomwondoa chini ya ngazi kimyakimya. Walimwondoa bila kumwita mbele ya watu, sasa wasimwite kama wanaita teksi. Cheti hiki nakiweka mikononi mwako wewe mwenyewe. Shika na chini, ni kizito. Jina utakalolikuta humo utajua la kulifanya.

Kisha umtafute. Usimtume Meneja, wala usimtume shemeji yake, tutakaa hapa mpaka mwakani. Nenda mwenyewe, Mheshimiwa, na viatu vya kutembelea. Gonga mlango, sema shida yako kwa adabu, ukikosa gonga unaofuata. Watakudhani mtu wa kodi. Watakudhani mchumba. Vumilia. Ukimpata, anza kwa kumwambia kosa lilikuwa la nani, useme kwa sauti ambayo wenye ofisi nyingine wataisikia, ndipo umkabidhi.

Wenye nyumba wenzangu, kaeni, mmefanya kazi yangu kuwa nyepesi. Mwalimu, wageni wote, na hata ndugu zangu wa safu ya tatu mliokuwa mmeinamisha vichwa, nawashukuru kwa masikio yenu. Asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho; filamu ya mwanangu ianze.